Simu Isikupandishe Presha: Mwongozo kwa Wastaafu wa Mombasa

Wazee wenzangu, kina mama na kina baba mliomaliza kazi bandarini, mashuleni, kaunti, benki na kwengineko, salaam. Naandika haya manake kila baraza nikaapo siku hizi, iwe Mji wa Kale iwe Tudor, malalamiko ni yale yale. Simu imeganda, tokeni zimekataa, pasiwadi imesahaulika, mjukuu kaichukua simu kaitengeneza mbio mbio na mwenyewe hakuona kilichobonyezwa. Mtu amefanya kazi miaka thelathini na ushei, amesomesha watoto, amehesabu mizigo ya meli nzima kwa kalamu na karatasi, leo anaambiwa "mzee hii huiwezi". Mimi hilo silikubali hata kidogo. Kwa nilivyoona, tatizo si akili ya mzee, tatizo ni haraka. Simu yenyewe yaharakisha mtu, wanaotusaidia nao wanatuharakisha, na matapeli ndo kabisa, haraka ndo mtaji wao. Kwa hivyo hatua nyingi hapa chini zazunguka jambo hilo moja tu, mtu kujipa nafasi yake.

1. Anza na macho na vidole, simu baadaye

Wengi hudhani hawajui simu kumbe hawaioni. Ikiwa wasoma 3 ukidhani ni 8, au usiku taa zakufanyia ukungu, nenda ukapimwe macho kabla hujamlaumu mtu wala simu. Mtoto wa jicho huja polepole mno mpaka mwenyewe hajui kwamba amepungukiwa, na ni kitu kinachotibika. Miwani ya kusomea ya kuokota tu sokoni bila kupimwa siipendekezi, kichwa kitakuuma na simu utaichukia bure.

Halafu vidole. Hizi simu za kupangusa zinahisi kidole kwa sababu ngozi ya mtu hupitisha umeme mdogo, ndo maana ukibonyeza na ukucha haitiki. Sasa Mombasa kwetu, msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, jasho latiririka, na kidole kikiwa majimaji kioo chachanganyikiwa, wabonyeza hapa chafunguka kule. Na umri ukienda ngozi hukauka, kwa hivyo kuna mwengine kidole chake kikavu mno wala hakisikiki. Dawa ni rahisi, pangusa kidole na kioo kwa leso safi au ncha ya kikoi, na aliye mkavu apake mafuta kidogo halafu ajifute. Bonyeza mara moja uachilie. Wengi wetu twabonyeza kwa nguvu na kushikilia kama tuko kwa taipureta, na simu ikishikiliwa hufikiri umeitaka kitu chengine, yafungua menyu ambayo hukuiomba.

2. Ifanye simu ikufuate wewe

Hapa tumia nusu saa siku ambayo huna shughuli. Ingia kwenye mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, ufanye haya:

Kuza maandishi. Iko sehemu ya skrini, pameandikwa ukubwa wa fonti, vuta mpaka usome bila kuinyoosha mkono simu. Usione haya kwamba watu kwenye matatu wataona meseji zako, geuza simu upande.

Ongeza muda wa skrini kuzima. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zajizima baada ya sekunde 30, na hapo ndipo mzee yuko katikati ya kusoma namba, kioo kinakuwa cheusi, anaanza upya, anakasirika. Weka dakika mbili au tano. Betri italiwa kidogo, wacha iliwe.

Kuna sehemu ya ufikivu, kwa Kiingereza Accessibility, wengi hawaijui na ndo yenye faida kubwa kwetu. Humo waweza kuiambia simu isubiri zaidi kabla ya kuhesabu kwamba umeshikilia, hio inawasaidia sana wale ambao mikono inatetemeka. Samsung zina hali rahisi pia, alama zinakuwa kubwa na chache.

Lugha waweza kuweka Kiswahili, lakini nasema ukweli Kiswahili cha simu kina maneno ambayo huku pwani hatuyasemi, kwa hivyo jaribu siku kadhaa, kikikushinda rudisha Kiingereza ulichozoea kazini. Usilazimishwe na mtu.

Na kuandika kukikuchosha usiandike. Kwenye kibodi kuna alama ya maikrofoni, bonyeza useme kwa Kiswahili, yenyewe yaandika. Hukosea majina ya watu na ya mitaa lakini kwa meseji ya kawaida yatosha.

3. Daftari

Nunua daftari dogo gumu, liwe la simu peke yake. Kila jambo ulilojifunza liandike kwa maneno yako mwenyewe, siyo ya mjukuu. Kama wewe wamwita ule mshale "kijiti cha kurudi", andika kijiti cha kurudi. Andika namba ya mita ya stima, namba ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, anwani ya barua pepe yako herufi kwa herufi, na tarehe.

Watu watakwambia usiandike pasiwadi popote. Mimi nina mawazo tofauti. Pasiwadi ya barua pepe au ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, iandike, ulifungie daftari kabatini pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu mzee anayesahau pasiwadi huishia kumpa mtu wa saiba, yale maduka ya intaneti, kila kitu chake, na hio ni hatari zaidi. Lakini PIN ya M-Pesa na ya kadi ya benki haiandikwi, si kwa daftari si nyuma ya simu si kwenye majina ya simu ukiificha ati "Fundi Pin". Wezi wanaangalia hapo kwanza.

4. Namna ya kufundishwa

Hii ndo hatua niliyoona inabadilisha mambo kuliko zote. Kijana akija kukusaidia, sharti liwe moja: simu haitoki mkononi mwako. Mwambie kwa upole, "Mjukuu wangu, wewe niambie nibonyeze wapi, kidole kiwe changu." Akizoea kunyakua, weka mkono juu ya simu, subiri. Atahema hema, atasema "nyanya lete tu nifanye mara moja", usimpe. Kidole chake kikifanya, kichwa chako hakitoki na kitu.

Mfanye arudie jambo moja tu kwa siku. Ukishafanya naye, fanya tena peke yako yeye akiangalia kimya, halafu kesho ufanye kabla hajaja. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, mwanga bado upo, joto limepungua, na usiwe umetoka safari ya Kongowea umechoka.

Na mazoezi yafanye na kitu kidogo ambacho hakikutii hasara. M-Pesa kwa mfano, kutuma shilingi 100 kushuka chini hakukatwi ada ya kutuma. Basi mtumie mjukuu shilingi 50, akurudishie 50, umtumie tena. Fanyeni hivyo mpaka mkono ujue njia. Siku ya kutuma karo ya elfu ishirini hutakuwa wajaribu, utakuwa wajua.

5. Pesa za simu

M-Pesa ilianza 2007 na wengi wetu tunaitumia, lakini kuna mambo matatu ambayo bado yanaumiza watu.

La kwanza ni jina. Ukituma, jina la anayepokea linakutokea kabla pesa haijaenda. Hapo simama. Lisome lote kwa sauti. Kama si lenyewe katisha, usiseme labda amesajili kwa jina la mumewe, katisha umpigie kwanza umuulize.

La pili, ikishaenda kwa mtu siye, usimpigie yeye kumbembeleza. Chukua ile meseji ya M-Pesa kama ilivyo uitume kwenda 456, ndo njia ya kuomba pesa irudishwe, na fanya papo hapo kabla hajaitoa. Meseji hio usiifute.

La tatu ni PIN. Ukikosea mara tatu yafungwa. Kwa hivyo kanuni yangu ni kwamba ukikosea mara mbili weka simu chini, nenda ukanywe maji, ufikirie. Mara ya tatu usiitupe kwa hasira. Ikishafungwa piga 100, namba ya Safaricom, kwa utulivu, ukiwa na kitambulisho mkononi.

Na pesa ikiingia ukaona imepungua, kabla hujasema umeibiwa angalia kama ulichukua Fuliza. Ule ni mkopo, waukubali bila kutambua ukiwa na haraka dukani, na pesa ikiingia tu wakata chao. Kila ukiulizwa ndiyo au la kuhusu Fuliza, na huelewi, jibu ni la.

6. Tokeni za stima

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndipo nimeona watu wazima wakilia machozi, giza limeingia, mgonjwa yumo ndani, na mita yakataa.

Kulipa ni paybill 888880, akaunti ni namba ya mita. Hio namba ya mita ukiikosea umemnunulia jirani, kwa hivyo isome kutoka kwa daftari usiikumbuke kwa kichwa. Meseji ya tokeni inakuja na tarakimu 20, zimetengwa nne nne kwa vistari. Vistari haviingizwi. Ziandike kwanza kwenye karatasi kwa herufi kubwa, makundi matano ya namba nne, ndipo uende kwenye kifaa cha kubonyezea, na kila ukimaliza kundi moja weka tiki. Kusoma simu na kubonyeza kwa wakati mmoja, simu nayo yajizima, ndo chanzo cha makosa mengi. Ukimaliza 20 bonyeza kitufe cha kuingiza usubiri. Meseji isipokuja ndani ya dakika kadhaa usinunue tena, piga *977# uangalie tokeni za mwisho ulizonunua.

Kuna wale ambao mpaka leo wana kovu la 2024. Mita hizi zinahesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na hesabu hio ilikuwa inafika kikomo 24 Novemba 2024 kote duniani zinakotumika, si Kenya pekee. Ndo ikabidi kila mita isahihishwe. Mtu ananunua tokeni kama kawaida anapata makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, mawili ya kusahihisha mita na la tatu ndo lenye umeme, na yaingizwe kwa mpangilio. Wazee wengi waliona namba zote hizo wakadhani ni utapeli au mita imekufa. Haikuwa kosa lao, ni jambo lililotaka kuelezwa taratibu na mtu mwenye subira. Nalisema hili ili siku nyengine mambo yakibadilika ghafla usikimbilie kujilaumu, uliza kwanza kimebadilika nini.

7. Matapeli

Kumbuka jambo moja tu na lengine lote litafuata: anayekuharakisha kwenye simu, kata. Iwe anasema laini yako inafungwa saa hii, iwe mwanao amegongwa na gari Mtwapa, iwe umeshinda zawadi. Kata, halafu wewe mwenyewe mpigie mwanao kwa namba yake uliyonayo. Safaricom wakikupigia wanatumia 0722 000000 na hawakuulizi PIN. Benki haiulizi PIN. Na zile namba za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji, ziwe za WhatsApp au za eCitizen, hazisomewi mtu yeyote, hata kama anajua jina lako na la marehemu mume wako.

Kuna ule wa "mama nimekutumia kimakosa nirudishie". Meseji yake yafanana kabisa na ya M-Pesa lakini imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida. Usirudishe kitu. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, na hata kama pesa kweli imeingia, mwambie apeleke meseji yake 456 kama wengine.

Kuna na wa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za wazee wa miaka 70 kwenda juu. Matapeli wanatuma linki ati jaza hapa. Habari za Inua Jamii ziulize kwa chifu wako au naibu wake, ana kwa ana, wala hulipi mtu kusajiliwa.

Leo hii kabla ya kulala fanya mambo mawili. Piga *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa na kitambulisho chako usizozijua. Kisha piga *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa na mtu mwengine kwa siri. Na kwenye WhatsApp, sehemu ya akaunti, weka uthibitishaji wa hatua mbili, ni namba sita unazichagua mwenyewe.

8. Serikali kwa intaneti

Hapa mzigo si mdogo. NHIF, bima ya afya ya zamani, ilipoondoka 1 Oktoba 2024 ikaja SHA, kila mtu akatakiwa ajisajili upya, na wenye magonjwa ya sukari na presha ndo waliohitaji haraka kuliko wote. Kujisajili si lazima uwe na simu kubwa, *147# inafanya kazi hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, weka kitambulisho karibu.

Kuhusu saiba, nina uchungu wa kweli. Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, alifunguliwa akaunti na kijana wa saiba fulani, kijana akatumia barua pepe na namba yake mwenyewe kwa sababu ni haraka kwake. Mwaka ulipoisha mama akitaka kuingia, namba za kuthibitisha zinakwenda kwa kijana, na kijana ameshahama. Alizunguka wiki na wiki. Basi ukienda saiba kaa kwenye kiti upande wake uone skrini, na kabla hajabonyeza kumaliza muulize: "Barua pepe hii ni ya nani? Namba hii ni ya nani?" Zote ziwe zako. Pasiwadi ibonyeze kwa mkono wako, halafu hakikisha ametoka kwenye akaunti kabla hujasimama. Ukilipa huduma za serikali kwa eCitizen, paybill ni 222222, pesa haipiti kwa mfuko wa mtu.

Huna imani na saiba, nenda Huduma Centre pale jengo la Posta barabara ya Digo. Fika asubuhi mapema, beba kitambulisho, kopi zake, simu yenye chaji na daftari lako. Ukifika kwa yule wa dirishani usione aibu kusema "mwanangu nieleze polepole." Ni haki yako kuelezwa.

9. WhatsApp na bando

Simu ikijaa huwa nzito, na mara nyingi imejazwa na picha za maua na video za mawaidha kutoka grupu za ukoo, mtaa na harusi. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima kujipakulia kwa picha na video, utafungua ile unayoitaka tu. Grupu zenye kelele zinyamazishe, hakuna anayejua kwamba umenyamazisha, wala hutakuwa umevunja undugu. Kredo yako nayo ikiliwa bila kupiga simu, ingia *544# uzuie isitumike bando likiisha, na humo humo kuna bando zisizoisha muda ambazo kwa mtu asiyetumia sana ndo nafuu.

10. Hasira ikipanda

Itapanda. Programu itabadilishwa usiku, asubuhi alama ya kijani haiko pale ilipokuwa, moyo unaenda mbio. Kwanza kaa chini. Simu iweke kifudifudi mezani. Hakuna chochote kwenye simu kitakachoharibika ukiiacha robo saa, tokeni haziozi, meseji haziondoki. Kama umepiga simu na mashine yakwambia bonyeza moja bonyeza mbili, weka spika ya nje, shika kalamu, endelea kuchambua mchele ukisubiri.

Ukiona jambo limekushinda siku mbili, limpe mtu kwa siku hio, utajifunza lengine. Si lazima ujue kila kitu. Kuna wazee wazuri sana wenye kabambe zao, wanatuma pesa, wanapiga na kupokea, basi, na hawajakosa kitu. Na dukani au ofisini wakikwambia ni kwa mtandao tu, uliza kama kuna fomu ya karatasi, uliza mara ya pili na umuulize mkubwa wao. Wakati mwengine ipo, imefichwa tu kwa uvivu.

Chengine, tafuta mwenzako wa rika lako mjifunze pamoja. Kijana anajua lakini hajui kile ambacho wewe hukijui. Mwenzako atauliza swali lile lile ulilokuwa wataka kuuliza. Pale pale penye kahawa chungu na kashata, simu mbili mezani, mmoja ameelewa kutuma ujumbe wa sauti, mwengine ameelewa kufuta, mwabadilishana.

11. Simu ikipotea au ikiibiwa

Iwe kwenye feri ya Likoni au Marikiti, usipoteze muda kuitafuta miguuni mwa watu. Azima simu ya mtu umjuaye, piga 100, mwambie anayepokea afunge laini na M-Pesa. Halafu mpigie mwanao mmoja awatangazie wengine, ili mtu asije akawaomba pesa kwa jina lako. Benki nayo ipigie, namba yake iwe ndani ya daftari lililoko nyumbani. Kesho yake nenda duka la Safaricom na kitambulisho chako mwenyewe upate laini mpya, namba itabaki ile ile, na wakikuuliza namba unazozipiga sana au pesa ya mwisho uliyotuma, zitoe kwenye lile daftari.